Kidole Kivivu

Karani amepanda kutoka Mtwara mjini
na sanduku la bati, na ndani ya sanduku
mashine ndogo kama kipande cha sabuni.
Amekaa ofisi ya chama cha msingi, hapa Newala,
chini ya karatasi ya bei za mnada wa msimu uliopita.
Ukungu bado umelala mlangoni.
Anatetemeka. Hakuna aliyemwambia
kwamba Julai ya huku juu huingia hadi kwenye mifupa.

Anasoma masharti
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasoma vijiji sita:
Kuchangia akiba ya uzeeni si kwa kila mwenye hela.
Ni kwa mwenye kipato.
Na kipato, mama zangu, ni kile kilichotoka mikononi mwako.

Nikainua mkono.
Mwanangu Shaibu hunitumia elfu ishirini kila mwezi.
Hiyo zawadi, akasema.
Nina mikorosho saba aliyoniachia mama, nimemkodisha shemeji.
Hiyo kodi.
Juzi nimepokea upatu, laki na nusu.
Hiyo, mama, ni hela yako mwenyewe,
imetembea nyumba kumi na tano, imerudi.
Wakacheka. Nami nikacheka,
maana ndivyo ilivyo.

Basi nabangua korosho, nikamwambia,
na kalamu yake ikaamka.

Kilo ngapi? Nane kwa siku.
Kumi, mjukuu akirudishwa nyumbani kwa ada.
Nani anakulipa? Nikamwekea daftari mezani,
lina mabaka ya mafuta ya ganda,
kila Jumamosi saini ya Bi Nampota, imepinda kama kulabu.
Umri? Asizidi sitini anayejiunga.
Nilizaliwa mwaka wa kuhamishwa, nikasema,
mama alifika kijiji kipya mimi mgongoni,
chungu kimebaki jikoni kule mahame, kingali cha moto.
Akapiga hesabu pembeni ya fomu: hamsini na mbili.
Unafaa, mama Somoe. Unafaa kabisa.
Imebaki alama ya kidole tu.

Nikaweka dole gumba. Mashine ikalia.
Nikaweka cha shahada. Ikalia.
Akanifuta kwa kitambaa, akapuliza kioo,
akanishika mkono kama mganga anayetafuta mfupa uliovunjika,
akakigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha.
Hakukuwa na mstari.
Kilikuwa laini, kinang'aa, kama sehemu ya chini ya sufuria
iliyosuguliwa kwa mchanga miaka ishirini.
Majivu tunapaka, nikamweleza. Mbarika tunapaka.
Lakini lile ganda lina njaa yake.

Akanyamaza.
Nadhani ndipo alipoona
kwamba fomu inaniuliza kama nimefanya kazi
na mashine inanikana kwa sababu nimefanya.
Au pengine aliwaza chai tu, sijui,
Anakleti yule ni kijana, na baridi ilikuwa kali.

Tukavipitia vyote.
Cha nane, ikalia. Cha tisa, ikalia,
na wanawake nyuma yangu wakaanza kutazama vyao.
Kikabaki kile kidogo cha mkono wa kushoto,
ambacho hukaa pembeni nikishika korosho,
kimejikunja kama bwana mdogo wa harusi,
hakigusi ganda, hakigusi nyundo,
tangu nijifunze kazi hii hakijawahi kuniletea hata senti.

Mashine ikawaka kijani.

Nilitoa elfu tano, nikapewa karatasi.
Kidole kivivu kimeniapia kuwa mimi mchapakazi,
na hicho hicho, akasema Anakleti akifunga sanduku,
ndicho utakachorudi nacho ukitimiza sitini,
kikibadilika hatukufahamu.

Kwa hiyo usiku nakipaka mafuta ya nazi.
Nakiviringishia kitambaa cha kanga kabla ya kukaa kibaoni.
Bi Nampota ananiuliza kimeumia?
Hapana, namjibu. Hiki kimestaafu.
Tunabangua tisa.